Bastola Isiyolala

Mazoea yana taabu. Waliosema maneno hayo hawakuwakusudia walevi na wavivu peke yao, maana mazoea mabaya kila mtu huyajua na kila mtu huyakemea, hasa yakiwa ya jirani. Taabu iliyojificha imo katika mazoea mema, yale yanayompatia mtu sifa mtaani, kwa kuwa hayo hayana mlinzi. Jambo likishazoeleka, mkono hulitenda wenyewe bila kuomba ruhusa kwa akili, na siku mambo yanapobadilika, mkono huwa wa mwisho kupata habari. Kisa cha Azzan bin Habib, muuza mapazia wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kinatosha kuwa ushahidi, na laiti kisingekuwapo tukakosa cha kusimulia.

Azzan alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akifunga mlango, aliusukuma kwa bega aone kama kweli umefungika. Akizima jiko la gesi, alitoka jikoni kisha akarudi kulinusa. Gari lake akilifunga kwa rimoti alilizunguka akivuta vitasa vyote kimoja kimoja, mpaka wapita njia wakamdhania mwizi wa gari lake mwenyewe. Wafanyabiashara wa Kariakoo, ambao si watu wa kumsifu mtu bure, walimsifu kwa tabia hiyo. Mdogo wake Mazin ndiye aliyemcheka.

"Bro, wewe siku ukifa utafufuka kidogo, uhakikishe kaburi wamelifukia vizuri," alimwambia mara nyingi, na Azzan alicheka naye, maana hapakuwa na mtu duniani aliyempenda kama huyo mdogo wake.

Waliishi Magomeni na mama yao, Bi Mauza, katika nyumba ya zamani yenye ukumbi mrefu na mlango mzito wa mbao. Kila jioni baada ya chakula Azzan ndiye aliyefunga mlango ule. Kabla ya kuteremsha komeo, alipaza sauti kuelekea ndani: "Mama, Mazin keshaingia?" Naye Bi Mauza alijibu kutoka chumbani: "Keshaingia, funga." Swali hilo liliulizwa na kujibiwa hata siku ambazo Mazin alikuwa ameketi pale pale ukumbini akitafuna karanga. Mazin alikuwa akinyoosha mkono juu na kusema, "Nipo, bro, nihesabu," lakini komeo halikushuka mpaka mama ajibu.

Swali lile lilikuwa na chanzo chake, na chanzo chenyewe kilikuwa msiba.

Duka la mapazia lilikuwa la baba yao, marehemu Mzee Habib. Wateja wake walitoka Comoro, Lubumbashi na mikoani, wakaja na fedha taslimu, na kwa ajili hiyo Mzee Habib alikuwa na bastola yenye leseni halali. Ilikuwa bastola ya zamani, nzito, yenye sefti pembeni, yaani kitufe kidogo cha chuma ambacho ukikisukuma chini kwa dole gumba, bastola hufungika, hata uvute kifyatulio namna gani haitoi kitu. Mzee Habib alikuwa na utaratibu wake. Kila alipofunga duka, kabla bastola haijaingia katika kasha la chuma, alishusha sefti, akauelekeza mdomo wa bastola kwenye ndoo ya mchanga iliyokuwa kwenye kona nyuma ya kaunta, akavuta kifyatulio. Ikanyamaza. "Imelala," alisema, na hapo ndipo roho yake ilipotulia. Utaratibu huo aliuita kuiuliza bastola. Azzan aliurithi angali kijana, kama wengine wanavyorithi upara.

Siku Mzee Habib alipouawa, ilikuwa alasiri ya jua kali. Wanaume wawili wenye helmeti waliingia dukani wakiulizia pazia la mlango. Mmoja alipotoa silaha, Mzee Habib hakuchelewa. Aliitoa ya kwake, akaielekeza, akavuta. Ikanyamaza. Akavuta tena. Sefti ilikuwa chini, na dole gumba lililozoea kuisukuma chini kila siku halikukumbuka kuiinua siku moja iliyohitajika. Azzan alikuwa juu ya ngazi akitundika mapazia, hana pa kushukia. Mpaka leo akifumba macho hukiona kile kidole cha baba yake kikivuta, kikivuta, na uso wake ukishangaa kama mtu aliyebisha hodi kwake akakataliwa kufunguliwa.

Baada ya mazishi Bi Mauza alimwita mwanawe mkubwa chumbani. Alikuwa amekaa eda, amejifunika nguo nyeupe.

"Azzan," alisema, "nimebakiwa na nyinyi wawili. Wewe mtu mzima. Mazin bado mtoto. Nakukabidhi mkononi mwako. Asinifie kama baba yake."

"Hatakufa, Mama. Wallahi hatakufa mbele yangu."

Kiapo ni kitu kizito, na Azzan alikibeba kwa mabega mawili. Aliahirisha kuoa mpaka Mazin aoe kwanza. Alimsomesha, akamwingiza dukani, akamfundisha kumtambua mteja anayenunua na mteja anayepitisha wakati. Bastola ya baba aliiombea leseni kwa jina lake akaitumia, lakini hakuwahi kuipenda. Kila jioni aliiuliza, kila jioni ilinyamaza, na kila iliponyamaza moyo wake ulipata mambo mawili kwa pamoja: utulivu wa mtu aliyehakikisha, na chuki kwa ule ukimya uliomwua baba yake.

Mwaka ambao Mazin aliposa kwa kina Nasreen, binti wa Ilala mwenye macho ya kucheka, bastola ile ilianza kuchoka. Springi zake zililegea, risasi zikawa zinakwama. Azzan alifuata taratibu zote za kibali, akaisalimisha, akaenda Posta kwenye duka la silaha kununua nyingine.

Muuzaji alikuwa Mzee Ignasi, mwanajeshi mstaafu mwenyeji wa Songea, mfupi, mwenye mvi na sauti ya kwata ambayo kustaafu hakukuipunguza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bosi. Karibu. Kibali kiko wapi? Safi. Kaa hapo."

Alitandika kitambaa cheusi juu ya meza, akaweka bastola mbili. Azzan aliziangalia, asione tofauti. Zote nyeusi, zote saizi moja, zote na kitufe kile kile pembeni, upande wa dole gumba.

"Hizi ni mapacha, tumbo moja," alisema Mzee Ignasi. "Ila tabia mbalimbali, kama watoto wa mtu. Hii ya kushoto ina sefti. Ukishusha kitufe, imefungwa. Vuta mpaka kesho, haitoi kitu mpaka uinue. Hii ya kulia haina sefti kabisa. Hiki kitufe unachokiona, sisi tunakiita kishushio. Bastola ikishakokiwa, nyundo inakaa nyuma, si ndiyo? Sasa ukibonyeza hapa, nyundo inashuka bila kugonga risasi. Halafu kitufe kinarudi chenyewe. Lakini haijafungwa, bosi. Ulinzi wake ni kwamba mvuto wa kwanza ni mzito. Basi."

"Kwa hiyo hii ya kulia, siku ya siku, nikiitoa nikivuta, inatoka?"

"Inatoka. Hakuna cha kukumbuka."

Moyo wa Azzan ulishtuka kwa furaha. Hakuna cha kukumbuka! Aliiona ile alasiri upya: baba yake anaitoa, anavuta, inatoka, wezi wanakimbia, baba yake anakunywa chai yake ya tangawizi jioni ile na nyingine nyingi baada yake. Mkono wake ukaenda kwenye bastola ya kulia.

"Ngoja kwanza," alisema Mzee Ignasi. "Miaka yote ulikuwa unatumia ipi?"

"Ya sefti. Ya marehemu baba."

"Basi chukua ya sefti. Nimefundisha vijana wengi jeshini, nikwambie kitu kimoja tu: mkono wa mtu hauna masikio. Ukishauzoesha jambo, maneno hausikii."

"Mzee, sefti ndiyo iliyomuua baba yangu."

"Pole sana, bosi. Mungu amrehemu. Lakini dawa ya sefti ni kujizoeza kuinua dole. Unafanya mazoezi kila siku, mwezi, miwili, inaingia. Ni rahisi kuuongezea mkono jambo kuliko kuupunguzia."

Azzan aliitika kwa heshima, kama tunavyoitika sote tukiwa tumeshaamua. Aliikoki bastola ya kulia, iliyokuwa tupu, akabonyeza kishushio, nyundo ikashuka. Kisha, bila hata kujua anafanya nini, akauelekeza mdomo wake kwenye kona ya chumba, akavuta. Ta! ikalia.

Mzee Ignasi alisimama. "Hiyo ni nini sasa?"

"Nahakikisha kama imelala," alisema Azzan, na aibu ikamwingia.

"Bosi, hii hailali. Hii inafumba jicho tu. Ile ya zamani ukiivuta ilikuwa inakujibu kwa sababu imefungwa. Hii ukiivuta inatii. Umenielewa? Hiyo tabia iache hapa hapa mezani kwangu, usitoke nayo."

"Nimekuelewa, mzee. Mkono ni wangu, nitauambia."

Akachukua ya kulia.

Siku za mwanzo kweli aliuambia, na kweli ulisikia. Jioni alibonyeza kishushio, akaishika bastola kama mtu aliyeshika yai, akaiingiza kwenye kasha moja kwa moja. Lakini usingizi ukawa haumjii. Alikuwa kama mtu aliyetoka nyumbani bila kusukuma mlango. Aliamua basi asiwe anaweka risasi kwenye chemba, kile kitundu cha nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kufyatuliwa. Magazini ya kwenye mpini iwe na risasi, chemba iwe tupu. Na kwa kuwa chemba ilikuwa tupu, siku moja mkono ulijipenyeza ukaiuliza. Ta! Ndoo ya mchanga ikatulia kwenye kona yake kama ilivyotulia miaka yote. Azzan alilala usingizi mnono usiku ule. Kesho yake aliiuliza tena, na keshokutwa pia.

"Bro," alisema Mazin jioni moja akikunja mapazia, "si ulisema yule mzee amekukataza hiyo?"

"Chemba tupu, Mazin."

"Leo tupu. Siku ukiweka je?"

"Siku nikiweka nitajua nimeweka. Mimi mtoto?"

Leticia, fundi aliyeshona mapazia kwenye baraza la duka tangu enzi za Mzee Habib, aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Mimi, kaka Azzan, hicho kimlio kinanikata maini. Ya mzee ilikuwa kimya. Hii yako inajibu."

"Ikijibu ndiyo vizuri, dada Leticia. Inamaanisha ni nzima," alisema Azzan, wakacheka wote watatu. Hivyo ndivyo hatari ilivyokaribishwa kiti, ikanyweshwa na chai.

Zikiwa zimebaki siku chache kabla ya harusi, mwenye duka la vyombo wa mtaa wa pili alivamiwa mchana kweupe. Alipigwa risasi ya bega akiwa anahangaika na droo yake. Habari ilisambaa Kariakoo upesi kuliko moto wa mabua, na kila mwenye duka alimtazama kila mwenye helmeti kwa jicho la pembeni. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Asubuhi iliyofuata, Azzan aliikoki bastola nyuma ya kaunta, risasi ikaingia chemba, akabonyeza kishushio, nyundo ikashuka, akaichomeka kiunoni.

"Mazin," alisema kwa sauti nzito, "leo ina risasi chemba. Leo sitaiuliza."

"Freshi, bro. Nitakukumbusha," alisema Mazin.

Hakuna aliyesema uongo kati yao. Azzan aliyasema maneno yale kwa moyo wake wote, na angeweza kuyasema tena mbele ya kadhi. Bali aliyasema kwa mdomo, na mdomo siyo uliokuwa na kazi ile.

Siku ilikuwa na pilika nyingi. Wateja walikuwa wengi, na katikati ya biashara Mazin alikuwa na shughuli yake mwenyewe, kwani Leticia alikuwa amemaliza kushona mapazia ya chumba chake na Nasreen, ya rangi ya maziwa, yenye nakshi ndogo za majani pembezoni. Mazin aliyatazama mara mbili tatu kwa siku akijifanya anatafuta kasoro. Ili apate nafasi ya kuyapanga vizuri, alisafisha ile kona nyuma ya kaunta. Ndoo ya mchanga aliibeba akaiweka chini ya ngazi, akapiga deki, akatandika karatasi safi.

"Umeitoa ndoo ya Baba?" aliuliza Azzan akipita na robota begani.

"Kwa leo tu, bro. Nikimaliza kufungasha nairudisha."

"Haya." Na Azzan aliyaona mambo yote mawili kwa macho yake, ndoo iliyohama na kona iliyobaki wazi.

Jua lilipoanza kushuka walifunga milango ya mbele, wakabakiza mmoja wa kutokea. Leticia alikuwa barazani akifunika cherehani yake. Mazin alichuchumaa kwenye kona, mgongo wake kwa kaunta, akifunga kamba kwenye mzigo wa mapazia yake huku akiimba kwa pua. Simu ya Azzan ikalia. Alikuwa Bi Mauza. Azzan aliibana simu kati ya sikio na bega ili mikono yake iwe huru kwa kazi ya kufunga duka.

"Mwanangu, yule mpishi wa biriani anauliza kama tumeshaamua ni mbuzi au kuku."

"Mbuzi, Mama. Harusi ya Mazin tule kuku?"

"Ndiyo nilivyomwambia. Na Mazin mwambie ampitie shangazi yake akachukue udi, anamsubiri tangu asubuhi. Yuko wapi?"

"Yupo hapa, Mama," alisema Azzan akitabasamu. "Yupo mbele yangu."

Wakati mdomo ukisema hayo, mkono ulikuwa umeshatoa bastola kiunoni, kama kila jioni. Dole gumba lilibonyeza, kama kila jioni. Mdomo wa bastola ukaelekea kwenye kona ya ndoo, kama kila jioni tangu enzi za Mzee Habib, na kidole kikavuta. Kiliusikia uzito wa ule mvuto wa kwanza, kikausukumia mbali kama kinavyosukumwa kitasa kigumu.

Mlio ulijaza duka zima. Mazin aliacha kuimba. Aligeuka nusu, akamtazama kaka yake bila hasira wala hofu, kama mtu aliyeitwa jina lake, akasema, "Bro?" Kisha akaketi juu ya mapazia yake ya rangi ya maziwa, taratibu, akajilaza ubavu.

"Azzan?" sauti ya Bi Mauza iliita kutoka kwenye simu iliyokwisha anguka sakafuni. "Azzan, nini hicho? Azzan! Mazin yuko wapi?"

Leticia ndiye aliyepiga kelele, akaita watu, akararua pazia kufunga jeraha. Azzan alimpakata mdogo wake, akamwita kwa majina yake yote ya utotoni. Vijana wa mikokoteni walisukuma watu kando kwa mabega yao, gari likapatikana, njia ikafunguliwa katikati ya Kariakoo kwa honi na vilio. Mazin hakufika hospitali. Roho ilimtoka akiwa amekishika kidole cha kaka yake, kidole kile kile, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Katika kuyaruka majivu ya sefti, Azzan alikuwa ameukanyaga moto.

Polisi walimchukua, na yeye mwenyewe aliwanyooshea mikono kabla hawajaitisha. Alieleza kila kitu bila kujitetea. Kesho yake aliletwa makaburini akiwa na askari wawili, waliokuwa na ubinadamu wa kumwacha ashuke kaburini kumlaza mdogo wake. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, watu walimsubiri waone kama atageuka nyuma kutazama. Aliondoka kichwa chini, na safari hii hakuhakikisha chochote.

Alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Ndugu wengine walisema akae huko huko ndani, wengine walisema ni kadari. Bi Mauza hakubishana na yeyote. Alijifunga baibui lake, akaenda kumwekea mwanawe dhamana yeye mwenyewe, akiwa amefuatana na Leticia.

Walipokuwa wakitoka mahakamani, Azzan alisimama. "Mama, siwezi kurudi nyumbani kwako."

"Kwangu ndiyo kwako. Nina mtoto mmoja, nimwache mlangoni kwa watu?"

"Ulinikabidhi mkononi mwangu, Mama."

Bi Mauza alimtazama. Machozi yalimtiririka bila sauti. "Nilikukabidhi," alisema. "Na mimi nilikuwa nakuona tangu mdogo unacheza ule mchezo wa baba yako, nikasema mwanangu mwangalifu. Nilikusifu. Twende nyumbani."

Jioni ile nyumba ya Magomeni ilikuwa kimya. Nasreen alikuja na mama yake kuhani, akaketi karibu na Bi Mauza, akamshika mkono, kisha akaondoka. Leticia aliacha chakula mezani, kikapoa bila kuguswa. Baada ya sala ya magharibi wageni wa mwisho waliaga, na Bi Mauza akaingia chumbani kwake, akaacha mlango wazi kidogo kama ilivyokuwa desturi yake.

Azzan alibaki ukumbini peke yake. Mawazo yalikuwa yamemchukua mbali, kwenye kona ya duka, kwenye ndoo iliyokuwa chini ya ngazi. Miguu ilimpeleka kwenye mlango mkubwa kama ilivyompeleka kila jioni. Aliufunga. Aliusukuma kwa bega. Alishika komeo, na kabla hajaliteremsha, sauti yake ilitoka kifuani, ya kawaida kabisa, ya mtu aliyechoka na kazi za mchana:

"Mama, Mazin keshaingia?"

Na kutoka chumbani, upesi, bila kufikiri, kwa sauti ile ile ya miaka yote, Bi Mauza alijibu:

"Keshaingia, funga."

Mkono wa Azzan uliganda kwenye komeo. Ndani, kitanda kililia, kisha kikafuata kilio cha mama, kikubwa, kilichokuwa kimezuiwa tangu siku ya simu. Azzan alishuka taratibu mpaka sakafuni, mgongo kwenye mlango ambao haukufungwa usiku ule. Mmoja aliuliza, mmoja alijibu, na aliyeulizwa habari zake alikuwa chini ya udongo. Mazoea yana taabu.